Tumaini la Waliovuka Maji

Ukishuka Liwatoni asubuhi unakikuta kisiwa cha Mombasa kwenye kazi yake ya miaka yote, kupokea watu na kuwavusha. Wavuvi wanaleta samaki, meli zinaingia Kilindini, na ng'ambo ya mkondo kuna Likoni. Mwaka 2020, korona ilipofanya msongamano wa feri uwe hatari, serikali ilijenga hapo daraja la kuelea kwa waendao kwa miguu, likaanza kutumika mwanzoni mwa 2021. Wazee hawakulishangaa sana. Upande wa pili wa kisiwa, tangu 1931 hadi 1980, watu na magari walivuka kwenda Nyali juu ya daraja jingine lililoelea. Ng'ambo hiyo ya Nyali na Kisauni ndiko kulikokuwa na Freretown, mji wa watumwa walioachwa huru, na bila wao Ukristo wa Mombasa hauelezeki.

Kwa kawaida historia hii husimuliwa kwa majina ya Wazungu. Majina hayo yana nafasi yake, nami nitayataja. Lakini kila nikirudi kwenye habari za karne ya 19 naona kwamba waliofanya imani hii iwe na mizizi pwani ni watu waliokuwa wamenyang'anywa kila kitu: mzazi, kijiji, lugha, hata jina. Hao ndio waliojua tumaini ni nini, kwa kuwa hawakuwa na akiba nyingine.

Wareno walitangulia. Walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na mapadre wa Shirika la Augustino wakafuata. Mfalme kijana, Yusuf bin Hasan, alilelewa Goa na kubatizwa Dom Jerónimo. Agosti 1631 akaasi, akamuua kamanda wa ngome, na Wakristo wengi wakauawa pamoja naye, wenyeji miongoni mwao. Baada ya Wareno kung'olewa pwani hii, jamii ya Kikristo iliyokuwa imeanza kisiwani haikuendelea.

Johann Ludwig Krapf alifika 1844 bila mizinga. Alikuwa Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, akiwa na barua ya Sayyid Said wa Zanzibar ya kumtambulisha kwa maliwali. Yeye na mkewe Rosine walikuwa wamekwisha kumzika mtoto mmoja walipokuwa Habeshi. Mwezi Julai mwaka huohuo, homa ikiwa imewaangusha wote wawili, Rosine alijifungua mtoto wa kike, na baada ya siku chache akafariki. Mtoto naye akamfuata mama yake. Makaburi yao yako bara, ng'ambo ya Mji wa Kale. Krapf aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi hilo liwe ishara kwao kuwa kazi imeanza Afrika Mashariki. Wengine huyasoma maneno hayo kama ukaidi. Mimi nasoma ndani yake mjane mgonjwa anayejilazimisha kuitazama kesho, maana kuitazama leo kungemmaliza.

Krapf hakuachwa peke yake. Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhidini, alimsaidia kufasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Jambo hilo linastahili kukumbukwa kila panapozungumzwa dini katika mji huu: aliyemshika mkono mgeni Mkristo katika lugha yetu alikuwa mwanachuoni wa Kiislamu.

Mwaka 1846 Johannes Rebmann alijiunga naye, wakafungua kituo Rabai. Wageni husoma kwamba Rebmann aliiona Kilimanjaro 1848 na Krapf akauona mlima Kenya 1849, lakini katika kazi waliyoijia mavuno yalikuwa haba kupita kiasi. Aliyetangulia kubatizwa aliitwa Mringe, mtu mwenye ulemavu wa mwili, aliyepokea ubatizo 1851 akiwa kitandani mwa mauti. Miaka saba ya kazi, na tunda lake la kwanza likazikwa. Krapf alirudi Ulaya 1853 afya ikiwa imeharibika. Rebmann alibaki hadi 1875 na kuondoka akiwa kipofu.

Watu waliobadili mambo walitokea baharini. Manowari za Uingereza zilipokamata majahazi ya watumwa katika Bahari ya Hindi, baadhi ya waliookolewa, wengi wao watoto, walipelekwa India. Karibu na mji wa Nasik kulikuwa na kituo cha misheni ambako walifundishwa kusoma na kufanya kazi za mikono. Kuanzia 1864 baadhi yao, sasa watu wazima, walirudishwa Afrika na kuletwa Rabai. Miongoni mwao walikuwa William Jones, mhunzi, na Ishmael Semler. Kisha akaja George David, ambaye baadaye alikisimamia kituo cha Rabai. Walikuja wakijua Kiingereza na Biblia, lakini wakijua pia kitu ambacho Rebmann asingeweza kukisomea popote: jinsi mtoto anavyohisi akiuzwa.

Kundi hilohilo la Nasik ndilo lililomtoa Jacob Wainwright, mmoja wa waliobeba maiti ya David Livingstone kutoka Chitambo hadi Bagamoyo, safari ya miezi mingi iliyofika pwani Februari 1874. Pamoja naye alikuwapo Matthew Wellington, Myao aliyetekwa utotoni. Wellington aliishia kuishi Mombasa na kufa 1935, mzee ambaye wageni walikuwa wakimtafuta ili wamwone mtu wa mwisho aliyeubeba mwili ule.

Juni 1873, kwa shinikizo la Uingereza iliyomtuma Bartle Frere, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Swali likawa waliokamatwa majahazini wapelekwe wapi. Mwishoni mwa 1874 mmisionari William Salter Price alitua Mombasa, akanunua ardhi Kisauni, na mji mpya ukaitwa Freretown. Manowari zikaanza kushusha watu pale. Waliitwa mateka.

Fikiria aliyekuwa anashuka. Amechukuliwa Unyasa au Umakua, amepita mikono ya wafanyabiashara, amelazwa chini ya sitaha ya jahazi, amesikia mizinga, kisha amepakiwa katika meli nyingine ya watu asiowajua. Anawekwa nchi kavu kwenye pwani isiyo kwao, na kwao hakuna njia ya kurudi. Uhuru anao, ila hana ndugu. Pale Freretown alipewa kiwanja na shamba, mtoto akapelekwa shule, na Wayao, Wanyasa na Wamakua wakawa na lugha moja, Kiswahili. Kwa mtumwa ndoa ilikuwa kitu ambacho bwana wake angeweza kukivunja siku yoyote akitaka fedha. Ndoa iliyofungwa kanisani na kuandikwa kitabuni haikuwa na bwana wa kuivunja. Kwangu mimi, hapo ndipo mahubiri ya matumaini yalipopata mwili. Mtu aliahidiwa mbingu, na wakati huohuo akahakikishiwa kwamba mkewe na watoto watakuwapo nyumbani jioni.

Sitaupamba mji huo. Msimamizi wake, J. R. Streeter, aliwachapa watu viboko, na mwaka 1881 malalamiko yalichunguzwa na maofisa wa Uingereza. Walioponyoka mnyororo mmoja walijikuta mbele ya fimbo nyingine, tena ya mtu anayesali nao. Kuna waliotoroka. Waliobaki waliishika imani licha ya msimamizi, nami nadhani hilo linatuambia mengi zaidi kuwahusu kuliko takwimu za ubatizo.

Nje ya mji hatari haikwisha. Wenye watumwa wa Mombasa walitishia kuvamia, na kengele ya Freretown ililia kuwaonya watu. Mnara wake ungalipo, na mtaa mzima umeitwa Kengeleni. Makondakta wa matatu hulitaja jina hilo mchana kutwa. Bara zaidi, Fuladoyo, watoro wa mashambani walikuwa wamekusanyika chini ya David Koi, Mkristo mwenyeji asiye na mshahara wa misheni wala bendera ya kumlinda. Mwaka 1883 kijiji kilivamiwa na Koi akauawa.

Tarehe 31 Mei 1885, Askofu James Hannington aliwaweka Jones na Semler wakfu kuwa mashemasi. Wavulana wawili waliowahi kuwa bidhaa sasa walivaa joho. Miezi michache baadaye Jones aliongozana na askofu katika msafara wa kwenda Uganda. Hannington alimwacha njiani na wapagazi wengi, akatangulia, na mwishoni mwa Oktoba akauawa Busoga. Jones alisubiri, akapokea habari, kisha akawarudisha watu waliosalia mwendo wote hadi Rabai, walikofika mapema 1886 nyuma ya bendera ya buluu yenye neno Ikabodi, jina la mtoto aliyezaliwa siku ya msiba katika kitabu cha Samweli. Kanisa kuu la Kianglikana kwenye barabara ya Nkrumah, lililowekwa wakfu 1905, lilijengwa kuwakumbuka Hannington na wenzake. Jones alirudi Rabai kufanya kazi.

Na kazi ilikuwepo. Sera rasmi ya misheni ilikuwa kutowapokea watoro wa mabwana wa pwani, kwa kuwa utumwa wenyewe ulikuwa bado halali. Rabai watoro walipokewa. Kampuni ya Imperial British East Africa ilipoanza kutawala 1888, mwakilishi wake George Mackenzie alikuta mamia kwa mamia ya watoro katika misheni, Rabai zaidi kuliko kwingine, na mabwana wakidai mali yao. Aliwalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati zao za uhuru. Sheria haikuacha kuutambua utumwa pwani ya Kenya hadi 1907. Yaani kwa takriban miaka 20 waliomfuata Jones na wenzake walikuwa wametangulia mbele ya sheria.

Mwaka 1888 pia Freretown ilianzisha shule ya kufundisha makatekista na wahubiri. Mwaka 1930 ilihamishiwa Limuru, na leo ndiyo Chuo Kikuu cha St. Paul's. Mwanafunzi wa teolojia kutoka Turkana au Kisii anayesoma huko anasoma katika chuo kilichoasisiwa kwa ajili ya watoto wa mateka.

Miaka minne baada ya shule kuhama, James Mbotela, mzaliwa wa jamii hiyo, alichapisha Uhuru wa Watumwa, kitabu cha Kiswahili kinachosimulia kutekwa kwa wazazi wao, kuokolewa baharini na maisha ya Freretown. Wa ukoo huohuo, Leonard Mambo Mbotela, alizaliwa Freretown mwaka 1940. Ni yule ambaye Wakenya walimsikia redioni kwa miongo mingi akiwauliza, Je, huu ni ungwana?, hadi alipofariki Februari 2025.