Vifaa vya kupaka rangi vyumba

Vifaa vya kupaka rangi vyumba ni zana zinazotumika kuandaa kuta na dari ndani ya nyumba na kuzipaka rangi. Vya msingi ni brashi, rola, trei, skrepa, msasa na ngazi. Uchaguzi wake hutegemea hasa hali ya ukuta na aina ya rangi itakayotumika.

Aina za kuta

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara (Tanzania), kuna nyumba za aina mbalimbali. Nyumba za udongo husiribwa kwa udongo, mara nyingine ukichanganywa na majivu au samadi ya ng'ombe. Nyingine zimejengwa kwa matofali ya kuchoma au ya saruji, na baadhi hupigwa lipu. Katika miji kama Tarime, Sirari na Mugumu, lipu ya nyumba nyingi hulainishwa zaidi kwa putti kabla ya rangi.

Ukuta wa udongo unafaa zaidi kwa chokaa au rangi ya udongo kuliko rangi ya mafuta. Rangi ya mafuta huzuia unyevu kutoka, hivyo hubanduka pamoja na tabaka la udongo. Lipu mpya ya saruji huachwa ikauke kwa takriban wiki nne kabla ya kupakwa, na zaidi wakati wa masika.

Vifaa vya kuandaa ukuta

Rangi hubanduka mapema ikipakwa juu ya vumbi, masizi, mafuta au rangi ya zamani iliyolegea. Kwa hiyo vifaa vya maandalizi ni vya kwanza kununuliwa.

- Skrepa ni bati gumu lenye mpini, la kukwangulia rangi iliyolegea.
- Kisu cha putti hutumika kuziba nyufa na matundu ya misumari.
- Msasa mzito (namba 80 hadi 120) huondoa mikwaruzo. Mwepesi (namba 180 hadi 220) hulainisha putti iliyokauka.
- Ndoo, sabuni na sifongo hutumika kuosha masizi, hasa katika vyumba vinavyopikiwa kwa kuni au mkaa.

Brashi

Brashi za nyuzi za plastiki, kama nailoni, zinafaa kwa rangi ya maji. Brashi za nywele za mnyama zinafaa kwa rangi ya mafuta. Zikitumika kwa rangi ya maji hunyonya maji na kulegea. Chokaa hupakwa kwa brashi pana ya katani. Kwa chumba cha kawaida hutosha brashi mbili: ya inchi 2 kwa pembe, fremu za milango na madirisha, na ya inchi 4 kwa sehemu pana. Kabla ya kununua, nyuzi huvutwa kidogo. Zikitoka nyingi, zitabaki pia ukutani.

Rola

Rola hupaka eneo kubwa kwa haraka kuliko brashi. Urefu wa manyoya yake hufuata ukuta: milimita 6 hadi 10 kwa ukuta laini wa putti, 10 hadi 13 kwa lipu ya kawaida, na 18 au zaidi kwa ukuta wenye mikwaruzo au matofali yasiyopigwa lipu. Manyoya mafupi hayafiki ndani ya vishimo. Marefu huacha alama kwenye ukuta laini. Mpini mrefu wa mti ukifungwa kwenye rola hupunguza kupanda ngazi wakati wa kupaka dari.

Kiasi cha rangi

Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.7 kina kuta za mita za mraba 32.4. Ukiondoa mlango mmoja na dirisha moja hubaki takriban 29. Lita moja ya rangi ya maji hupaka takriban mita za mraba 10 za ukuta laini kwa mkono mmoja, hivyo mikono miwili huhitaji karibu lita 6. Ukuta wenye mikwaruzo hunywa zaidi.

Usalama

Baadhi ya rangi za mafuta, hasa za zamani, zina madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba watoto wadogo ndio huathirika zaidi, hasa ubongo. Kiwango cha juu kinachopendekezwa kimataifa katika rangi ni sehemu 90 kwa milioni. Kwa sababu hiyo rangi ya zamani haipigwi msasa mkavu wala kuchomwa moto: ukuta hulowanishwa kwanza, watoto na vyombo vya chakula hutolewa chumbani, na vumbi hufutwa kwa kitambaa kibichi.

Madirisha huachwa wazi wakati wa kupaka. Chokaa huunguza macho na ngozi, hivyo glavu na miwani huhitajika.

Utunzaji

Vifaa vilivyotumika kwa rangi ya maji huoshwa mara moja kwa maji na sabuni. Vya rangi ya mafuta husafishwa kwa tapentaini au mafuta ya taa, mbali na moto. Vimiminika hivyo havihifadhiwi katika chupa za soda au za maji ya kunywa, kwani watoto huweza kuvinywa, wala havimwagwi mtoni au karibu na kisima. Brashi iliyooshwa hutundikwa nyuzi zikiangalia chini, na huweza kutumika kwa vyumba vingi.