Kura ya Vita Ina Tarehe

Nafundisha historia hapa Tanga, na nikifika mwaka 1914 huwapeleka wanafunzi kwanza Berlin, kwenye bunge la Ujerumani, Reichstag. Huko ndiko zilikopitishwa fedha za vita vilivyotufikia hadi huku kwetu Ras Kasone, na baadhi ya waliozipitisha walikuwa wametoka kuhubiri amani.

Chama cha kisoshalisti cha SPD kilikuwa na wabunge 110 kati ya 397, kikubwa kuliko vyote. Tarehe 25 Julai 1914 viongozi wake waliwaita wafanyakazi waandamane kupinga vita. Tarehe 4 Agosti wabunge wa chama hicho waliidhinisha mikopo ya vita ya marki bilioni 5, na hakuna hata mmoja wao aliyepiga kura ya hapana. Walikuwa na hofu za kweli: majeshi ya mfalme wa Urusi, na serikali yao wenyewe, ambayo ingeweza kukipiga chama marufuku. Lakini waliidhinisha.

Siku moja kabla, faraghani, walikuwa wamepiga kura wao kwa wao: 78 waliunga mkono, 14 walipinga. Mwenyekiti mwenza, Hugo Haase, alikuwa miongoni mwa wale 14. Nidhamu ya chama ikamfanya asimame bungeni kesho yake na kusoma tamko la kuunga mkono. Wanafunzi humhurumia, nami pia. Hata hivyo, upinzani wake ulibaki nyuma ya mlango uliofungwa, na fedha zikatoka.

Karl Liebknecht, mbunge mwingine wa SPD, anasifiwa hadi leo kwa kuvikataa vita. Sifa hiyo ni haki yake, ila tarehe 4 Agosti naye alikwenda na wenzake. Alikataa tarehe 2 Desemba, fedha zilipoombwa tena, akiwa peke yake katika bunge zima. Rais wa bunge hakukubali hata maelezo yake ya maandishi yaingie kwenye kumbukumbu rasmi. Mwaka 1916 alikamatwa kwa kuvipinga vita hadharani, akafungwa.

Kati ya kura hizo mbili za Liebknecht, ya Agosti na ya Desemba, Tanga, iliyokuwa chini ya utawala wa Wajerumani, ilishapigwa. Kuanzia tarehe 2 hadi 5 Novemba, Waingereza waliteremsha askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, dhidi ya takriban 1,000 wa kamanda wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, na wakashindwa. Haase alipopiga hapana yake ya kwanza bungeni, Desemba 1915, vita vilikuwa vimeenea Afrika Mashariki, na wapagazi waliendelea kufa kwa njaa na maradhi hadi mwisho wake mwaka 1918.

Ndiyo maana nawafundisha vijana kumpima mwanasiasa kwa maswali matatu: alisema nini, alipiga kura gani, na lini? Swali la tatu ndilo hurukwa. Vita vikishachukiza, waliovipinga huongezeka kila mwaka, na anayejitangaza mpinzani wa tangu mwanzo huwa anaomba tarehe isahauliwe.

Mwaka 1914 watu wa Tanga hawakuwa na mbunge Berlin wa kumuuliza lolote. Sisi tunao wabunge. Tudai kwamba jambo la kupeleka watu vitani liamuliwe kwa kura ya wazi, jina la kila mbunge liandikwe, na orodha hiyo isomwe hadharani kila anaporudi kutuomba kura.