Wasiotajwa Majina: Watu Walioifanya Nyumba Ndogo ya Kuvutwa na Gari Ikalalika

Ukitaja trela hapa kwetu, watu wanawaza semi lenye kontena linaelekea Tunduma. Leo tuongelee trela la aina nyingine kabisa: kanyumba ka magurudumu mawili chenye kitanda, jiko na kabati, unakafunga nyuma ya gari dogo na safari inaanza. Wengi tumekaona kwenye filamu za Wamarekani, wengine mmekaona kwenye kambi za watalii.

Historia ya hivi vitu ikiandikwa, wanaosifiwa ni wenye viwanda. Sawa, walistahili. Ila ukifuatilia vizuri unagundua kwamba karibu kila kitu kizuri kilichomo ndani ya trela dogo kilitokana na mtu aliyelowa, aliyeungua, aliyechoka kuvuta, au aliyegoma. Na wengi wao majina hayatajwi kokote. Leo ni zamu yao, na kwa sababu hiyo hata matajiri sitawataja majina. Tutoshane wote.

Farasi ndio walilipa

Mwaka 1885 huko Uingereza, daktari mstaafu wa jeshi la majini, ambaye pia alikuwa mwandishi, alienda kwa mafundi wa mabehewa wa Bristol akaagiza nyumba ya kusafiria. Si ya biashara wala ya kuhamia, ya starehe tu. Wakamtengenezea kitu cha urefu wa futi 18, mbao safi, makabati, vioo, kikaitwa Wanderer. Akasafiri nacho mpaka Scotland, mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake, na mpaka leo anahesabiwa kama baba wa karavani za mapumziko.

Lakini kile kitu kilikuwa na uzito wa karibu tani 2, kikivutwa na farasi wawili. Na mbele yake alikuwepo mtumishi juu ya baiskeli ya magurudumu matatu, kazi yake kutangulia na kuangalia njia, maana barabara zenyewe zilikuwa nyembamba. Bwana anaandika kitabu, mtumishi anakanyaga pedeli, farasi wanapanda vilima. Mpaka leo somo la kwanza la trela ni lilelile: starehe yako kuna mtu au kitu kinaivuta.

Gari lilipochukua nafasi ya farasi, uzito ukawa suala la uhai. Siyo uzito wote tu, hata jinsi ulivyopangwa. Kama umewahi kuvuta mkokoteni unanielewa. Mzigo ukizidi nyuma, mikono ya mkokoteni inainuka na wewe unaning'inia. Trela nalo likizidiwa nyuma linaanza kutikisa mkia, kushoto, kulia, na kwenye mwendo mkubwa linaweza kulipindua gari lenyewe. Kanuni ambayo madereva wa Marekani wanaifuata ni kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela ukae kwenye ndoano ya kuvutia. Trela la kilo 500, basi pale mbele pakae kilo 50 hadi 75. Kwa hiyo fundi anayekuongezea tangi la maji au betri kule nyuma kabisa, bila kuuliza mbele pana nini, anakutafutia ajali.

Watu wa makopo

Tuvuke bahari. Mwaka 1919, kwenye kambi moja ya Tampa, jimbo la Florida, wasafiri wa magari walianzisha chama chao wakajiita watalii wa makopo. Walikula vyakula vya makopo njiani, na alama yao ilikuwa kopo lililofungwa kwenye mfuniko wa rejeta ya gari. Ukiliona kopo, ujue ni mwenzako.

Hawa walikuwa watu wa kawaida, na gari la wengi lilikuwa Ford Model T. Kila mmoja alijitengenezea cha kwake: sanduku la vyombo pembeni ya mlango, kitanda cha kukunja, turubai linalotoka ubavuni. Jioni kambini walikuwa wakichunguliana. Ukiona mwenzio kabuni kabati ambalo mlango wake ukiuangusha unakuwa meza, na wewe kesho unatafuta bawaba. Hakuna aliyesajili ule uvumbuzi, lakini meza ya namna hiyo bado imo kwenye matrela mpaka leo.

Mvua ya Michigan na seremala

Mwaka 1929 mtaalamu mmoja wa bakteria kutoka Detroit alinunua trela la hema. Aliyemuuzia alimwambia linafunguka kwa dakika chache tu. Mvua ikawakuta kambini, yeye anahangaika na turubai, familia inalowa. Akarudi nyumbani na hasira, akachora boksi la kuta ngumu, na seremala akamtengenezea. Watoto wake wakalipachika jina la utani, mkokoteni wenye paa, kama yale ya walowezi wa zamani. Januari 1930 likaonyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Detroit, watu wakaagiza. Kufikia 1936 kiwanda chake ndicho kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya matrela nchini mwao.

Seremala aliyeshika msumeno mara nyingi huitwa "seremala" tu, basi. Wakati yeye ndiye aliyekutana na swali gumu kuliko yote katika kazi hii: maji yanaingilia wapi?

Maana ukuta mgumu nao una ugonjwa wake. Turubai likilowa unalianika. Ukuta wa mbao ukilowa kwa ndani huoni kitu. Maji yanapitia kwenye tundu la skrubu, pembe ya dirisha, kiungo cha paa na ukuta, yanashuka polepole, fremu inaoza huku nje rangi inang'aa. Siku unakuja kujua, sakafu inabonyea kama mkate.

Ndiyo maana wanaojua kazi hawaanzi na mapazia wala mito. Wanapanda juu. Kila mwaka wanakagua viungo vyote vya paa, wanakwangua gundi ya zamani yote mpaka chini, ndipo wanaweka mpya. Kupaka silikoni juu ya silikoni iliyokufa ni kujidanganya, haishiki, na maji yanabaki mle ndani. Chini ya fremu za madirisha wanatandika utepe laini wa mpira unaonata, ule usiokauka haraka. Ukienda kununua trela la mkononi, beba kidole gumba chako: bonyeza pembe zote, chini ya madirisha na karibu na mlango. Palipo laini pana kesi.

Mke aliyegoma

Kampuni ya Airstream, wenye yale matrela ya alumini yanayong'aa kama sufuria mpya, nayo ina hadithi yake. Inasimuliwa kwamba mwanzilishi wake alipenda kulala porini, lakini mke wake hakutaka kusikia habari ya kulala chini bila jiko lake. Ndipo mume akaanza kugongagonga kitu juu ya chasisi ya Model T. Baadaye akachapisha gazetini maelekezo ya jinsi ya kujijengea trela, na wasomaji wakaja juu kwamba maelekezo yenyewe hayajengeki. Akajaribu mwenyewe, akakuta kweli, akaanza kuyarekebisha. Akaishusha sakafu ikae katikati ya magurudumu na kuliinua paa, ili mtu aweze kusimama wima.

Umeona? Mke aliyegoma, na wasomaji waliolalamika. Bila hao wawili pengine asingesogea. Trela lake la Clipper lilitoka mwaka 1936 na kampuni ipo hadi leo.

Walioishi humo kwa shida

Tusidhani yote yalikuwa mapumziko. Miaka ileile ya 1930 Marekani uchumi ulikuwa umeanguka, na kuna familia ambazo trela ndiyo ilikuwa nyumba. Miji mingine iliwawekea sheria za kuwazuia wasikae siku nyingi. Vita vilipokuja, serikali yenyewe ikanunua matrela kwa wingi kuwaweka wafanyakazi wa viwanda vya silaha. Kwa watu hao paa likivuja hawakuwa na nyumba nyingine ya kurudi Jumapili jioni.

Na baridi ya kule siyo ya mchezo. Unaziba kila tundu, unawasha jiko, unalala. Sisi wa huku tunaijua habari hii vizuri sana: jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, asubuhi majirani wanavunja mlango. Hewa ile ya sumu haina harufu. Kwa hiyo marekebisho mawili ambayo hayana mjadala kwenye trela dogo ni tundu la hewa lisilozibwa kamwe, na kifaa kidogo cha kupiga kelele sumu hiyo ikiongezeka. Mpira wa gesi nao unapimwa kwa njia ileile unayotumia nyumbani na mtungi wako: povu la sabuni kwenye maungio, likitoa mapovu funga kila kitu. Usipime kwa kiberiti, nakuomba.

Bodi ya nne kwa nane

Baada ya vita mwaka 1945, mafundi wa nyumbani waliingia kazini. Magazeti ya ufundi yalitoa michoro ya trela dogo lenye umbo la tone la maji: ndani kitanda tu, nyuma unainua mlango kama wa buti na hapo ndipo jikoni. Kwa nini mengi yalikuwa na upana wa futi 4 na urefu wa futi 8? Kwa sababu bodi ya plaiwudi inauzwa futi 4 kwa 8. Nenda hadweya yoyote leo, kipimo ni hichohicho. Watu hawakukata bodi bila sababu, walilijenga trela liifuate bodi. Fundi wetu wa kabati la nguo angewaelewa mara moja.

Lililotoka kwenye tangi la choo

Hii ndiyo niipendayo. Winnipeg, Canada, miaka ya 1960. Jamaa mmoja alikuwa amebuni tangi la maji machafu la faibaglasi, jepesi kuliko la zege. Siku zikapita akawaza: kama hili tangi ni jepesi na halivuji, kwa nini mtu asilale ndani yake? Mwaka 1968 likatoka trela la Boler, futi 13, uzito chini ya kilo 500, vipande viwili tu, cha juu na cha chini, vimeungwa katikati kama yai. Kiungo cha paa, yule adui wa seremala wa Detroit, hakipo tena.

Watu walicheka umbo lake, lakini matrela ya miaka ile bado yanavutwa barabarani. Ila nayo yanataka macho. Makabati ya ndani yameshikwa kwa ribiti zilizotoboa ganda, na kila ribiti ni tundu. Anayelipenda trela lake anazizungukia moja moja, na iliyolegea anaibadilisha.

Safari iliyopita kwetu

Mwaka 1959 msafara wa Airstream 41 uliondoka Cape Town kwenda Cairo. Walipita Kongo ya Wabelgiji, Uganda, Kenya, wakaingia Ethiopia walikopokelewa na Mfalme Haile Selassie, na mwishowe wakapiga picha maarufu, matrela yamepangwa duara karibu na piramidi. Sehemu kubwa ya njia haikuwa na lami. Kampuni ilipata tangazo la biashara lisilosahaulika.

Mimi nikiitazama ile picha nawaza magurudumu. Trela halina injini, kwa hiyo watu wanasahau kwamba nalo lina beringi na grisi inayokauka. Kanuni ya wazoefu: grisi mpya kila mwaka, au kila kilomita 15,000 hadi 20,000. Ukisimama njiani, sogeza kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu. Moja likiwa la moto sana kuliko mwenzake, usiondoke. Na tairi la trela linazeeka limesimama: kashata bado nzuri, pembeni limejaa nyufa. Hilo litapasuka siku ya safari, tena umebeba watoto.

Siku hizi watu wanafunga sola juu ya paa, taa za LED, betri, chaji za simu. Vizuri. Ila kumbuka sola nyingi zinafungwa kwa skrubu, na kila skrubu ni tundu jipya juu ya kichwa chako. Ziba kwanza, ndipo ufurahie mwanga.

Kwa hiyo ukiona trela la zamani linang'aa barabarani, usimuwaze tajiri aliyeweka nembo peke yake. Muwaze aliyekanyaga pedeli mbele ya farasi, seremala wa Detroit, mama aliyesema silali chini, wasomaji waliosema mchoro wako hauna akili, na mtu asiyejulikana ambaye kila mwaka, kabla ya mvua, alipanda juu ya paa na bomba la gundi.

Haya wadau, na nyie fundi gani wa mtaani kwenu kabuni kitu kila mtu anakitumia, lakini jina lake halijulikani nje ya gereji? Mtupie chini hapo. Leo tunawatoa kivulini.