Neno Lililoogopwa London

Katika Kiingereza liko neno "bloody", ambalo asili yake ni damu, lakini likitangulizwa mbele ya neno jingine damu hiyo hukauka isisalie hata tone, likawa halina kazi ila kutia mkazo. Wako wadaio kuwa ni kiapo kilichofupishwa kwa jina la Bibi Mariamu. Rai hiyo wanazuoni wa kamusi hawaikubali, nami nadhani ilizuliwa na waliotaka kupata sababu ya kuona haya. Kwani mwaka 1711 Jonathan Swift, naye ni kasisi, alilitumia katika barua kueleza joto la siku ile, pasi na kuomba radhi.

Lililoliharibia jina si maana yake bali ni vinywa vilivyolizoea. Kamusi ya Oxford ilipolifikia mwaka 1887 ilinena kwamba limo daima midomoni mwa watu wa tabaka la chini kabisa, na kwamba magazeti aghalabu huchapa herufi yake ya kwanza na ya mwisho tu, katikati ukapigwa mstari, mithili ya maiti aliyefunikwa.

Basi tarehe 11 Aprili 1914, katika ukumbi wa His Majesty's mjini London, ulionyeshwa mchezo wa Bernard Shaw uitwao "Pygmalion", ambamo Eliza Doolittle, muuza maua aliyefundishwa kutamka kama bibi wa kiungwana, anaulizwa iwapo atakwenda kwa miguu, naye akajibu kwa lafudhi safi isiyo na ila, neno lile likiwa katikati ya jibu. Herbert Tree, mwenye ukumbi, alikuwa amemsihi Shaw alifute, akakataa. Na idara ya Lord Chamberlain, ambayo bila idhini yake hapakuchezwa mchezo hadharani, ilikuwa imelipitisha. Bibi Patrick Campbell, mwenye umri wa miaka 49 akiigiza msichana, alipolitamka, kicheko kilishika ukumbi kwa zaidi ya dakika nzima. Hapo ndipo ulipo ustadi wa Shaw: mwalimu alikuwa amebadili sauti ya binti, msamiati akauacha palepale. Baada ya hapo wacheshi wa mji wakawa wakisema "Pygmalion" mahali pa neno lenyewe.

Kwetu Afrika Mashariki lilifika vinywani mwa wasimamizi wa Kizungu, likiambatana na neno la kumwita mtu mjinga. Waliotukanwa wakayaunganisha mawili hayo yakawa "bladifuli", tusi zima lisilotia mkazo kitu, ambalo hata asiyejua Kiingereza alilirusha barabara.