Jinsi ya kuchagua chambo cha bass kulingana na hali ya maji

BASS mwenye kinywa kipana si samaki wa asili ya Afrika. Aliletwa katika Ziwa Naivasha kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 ili kuwafaa walowezi waliopenda uvuvi wa mshipi.

Samaki huyu ni mwindaji. Hula samaki wadogo, vyura, wadudu na hasa kamba wekundu wa maji baridi, ambao pia asili yao ni Marekani na walitiwa ziwani humo mwaka wa 1970. Aghalabu hakimbizi windo masafa marefu, bali hujibanza kando ya mafunjo, visiki au magugu na kulivamia linapopita.

Kwa hivyo, kabla ya kufunga chambo bandia, mvuvi hana budi kuchunguza mambo matatu: uangavu wa maji, joto lake na kina alipo samaki.

Maji maangavu

Bass hutegemea sana macho. Maji yakiwa maangavu, hufaa chambo kidogo chenye rangi za viumbe halisi, kama vile fedha, kahawia au kijani hafifu, na mshipi uwe mwembamba. Mnyoo wa plastiki laini, uliobuniwa na Nick Creme huko Akron, Ohio, mwaka wa 1949, huburutwa polepole chini kabisa, ukipumzishwa mara kwa mara.

Maji ya tope

Hii ndiyo hali inayowakabili wavuvi wengi wa Naivasha. Kamba wekundu walikula mimea iliyokuwa ikituliza maji, na samaki aina ya carp, walioanza kuonekana humo mwaka wa 2001, huchimbua matope wakitafuta chakula. Aidha, mito huingiza udongo msimu wa mvua.

Macho yakishindwa, bass huhisi mitikisiko ya maji kwa viungo vya hisia vilivyo ubavuni. Chambo kinachofaa hapa ni chenye kijiko cha chuma kinachozunguka, au kilicho na gololi za kulia ndani yake. Rangi ziwe za kuonekana wazi: nyeusi au manjano. Kivutwe taratibu, karibu na maficho, ili samaki apate muda wa kukitambua.

Joto na saa

Joto la mwili wa samaki hufuata lile la maji. Bass huchangamka zaidi maji yakiwa kati ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi. Yakipoa kupita hapo, chambo kivutwe polepole zaidi.

Alfajiri na machweo, maji yakiwa yametulia, chambo kinachoelea na kurusha maji kama chura huleta matokeo mema. Jua likiwa la utosi, samaki hujificha kivulini au kilindini. Upepo wa alasiri nao huvuruga uso wa maji. Hapo hufaa chambo kizito kinachozama.

Kina na magugu

Chambo chenye umbo la samaki huwa na ulimi mbele. Ulimi mrefu hukizamisha sana, mfupi hukiacha karibu na uso wa maji. Penye magugu, ncha ya ndoana ifichwe ndani ya mwili wa plastiki ili isinase.

Tahadhari

Saa zinazompendeza bass ndizo pia za kiboko. Hutoka majini jioni kwenda malishoni na kurejea alfajiri, akipitia papo hapo penye mafunjo ambapo mvuvi angependa kusimama. Viboko wamewaua watu Naivasha. Mvuvi asijitose ukingoni peke yake. Atumie mashua yenye nahodha anayelijua ziwa, na avae jaketi la kuokolea maisha. Hakuna samaki anayestahili kufuatwa gizani.

Uvuvi wa burudani nchini Kenya huhitaji leseni. Vilevile, plastiki iliyokatika isiachwe ziwani, na bass aliye hai asihamishiwe mto au bwawa jingine. Kamba na carp wameonyesha jinsi mgeni mmoja anavyoweza kubadilisha maji ya ziwa zima, na pamoja nayo, riziki ya wanaolitegemea.