Kiwanja Kwanza: Hoja ya Kununua Ardhi ya Vituo vya Jamii katika Mitaa ya Dar es Salaam

Msiba unapotokea Manzese au Tandale, turubai hufungwa barabarani. Waombolezaji huketi kwenye viti vya kukodi, bodaboda hutafuta njia nyingine, na mvua ikinyesha watu hujibana vibarazani kwa majirani. Turubai hilohilo ndilo la harusi na la mikutano, na ofisi ya serikali ya mtaa yenyewe mara nyingi ni chumba cha kupanga. Wakazi wa mitaa ya aina hii wanapoiomba halmashauri iwanunulie eneo la kituo cha jamii, wanaomba jambo la lazima. Makala haya yanadai kwamba ombi hilo ni la haki, na kwamba lianze na kiwanja. Ukumbi wananchi wanaweza kuujenga kwa haba na haba. Eneo ambalo tayari lina nyumba za watu halipatikani kwa michango ya mtaa.

Ushahidi wa historia

Kununua ardhi kwa mahitaji ya mji si jambo geni Dar es Salaam. Kariakoo ilianza hivyo: muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Kijerumani ilinunua shamba la mlowezi aliyeitwa Schoeller ili kupata eneo la makazi ya Waafrika. Katika mji huohuo, miaka ya 1930, wanachama wa African Association walijenga nyumba ya chama chao New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba. Walichangishana na kufanya kazi kwa mikono yao. Katika nyumba hiyo chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Karibu na hapo, Mnazi Mmoja, kulijengwa kituo cha jamii kwa fedha za George Arnautoglu, tajiri wa asili ya Kigiriki, na mwaka 1953 Julius Nyerere alichaguliwa humo kuwa rais wa TAA, jina la baadaye la African Association.

Nyumba moja ilitokana na jasho la wanachama, nyingine na mkono wa tajiri, lakini zote zilipata mahali pa kusimama kwa sababu Kariakoo ilikuwa na viwanja vilivyopimwa, na uwanda wa Mnazi Mmoja ulikuwa umeachwa wazi. Wakoloni waliuacha ili kuwatenganisha Waafrika na Wahindi. Wananchi wakaugeuza kuwa mahali pa kukutania. Mitaa mingi iliyokua baadaye bila ramani haikuachiwa uwanda wa aina yoyote.

Gharama ya kuchelewa

Nchini Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, chini ya udhamini wa Rais. Kwa hiyo halmashauri inaponunua eneo, kinacholipiwa ni haki ya mkazi kulitumia pamoja na maendelezo yake. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe bila kuchelewa. Ni sharti jema, kwani kituo cha jamii hakiwezi kusimama juu ya dhuluma kwa jirani mmoja.

Fidia hiyo, hata hivyo, hupanda kila mwaka, na mara nyingi anayeipandisha ni serikali yenyewe. Barabara na mitaro iliyojengwa katika makazi yasiyopangwa kupitia mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam (DMDP) imeyafanya maeneo yale yatamanike zaidi. Halmashauri inayojenga barabara leo na kutafuta kiwanja baada ya miaka kumi italipia thamani iliyoiongeza kwa fedha zake. Busara ni kununua kabla ya barabara, au pamoja nayo. Njia ya kupata fedha ilikwisha kujaribiwa: katika Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, Wizara ya Ardhi ilikopa Hazina, ikalipa fidia, ikapima, ikauza viwanja na kurejesha mkopo.

Pingamizi

Wapo wanaosema maji na mitaro vitangulie. Hoja hii ni nzito, lakini vipaumbele hivyo huamuliwa na wananchi katika mkutano mkuu wa mtaa, nao unahitaji mahali ambapo mzee na mama mwenye mtoto wanaweza kukaa na kusikilizana. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambavyo sheria imevitengea asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa ajili ya mikopo, navyo vinahitaji mahali pa kukutania.

Wengine hushauri shule, misikiti na makanisa vitumike. Vimesaidia sana na vitaendelea kusaidia. Lakini darasa ni la wanafunzi, na nyumba ya ibada ina waumini wake. Mtaa wenye watu wa dini zote unahitaji paa ambalo hakuna anayeingia chini yake kama mgeni.

Pingamizi la tatu ndilo linalotisha zaidi: eneo la umma huvamiwa. Nchini Kenya, ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria kwa watu binafsi. Funzo lake ni kwamba eneo likishanunuliwa lipimwe, liwekewe mipaka na lipatiwe hati kwa matumizi ya jamii, na wakazi wote waijue mipaka hiyo.

Hitimisho

Majirani wanaodai kiwanja wamekwisha kujitolea kubeba sehemu iliyo ndani ya uwezo wao: michango, ujenzi na ulinzi. Iliyobaki ni ya halmashauri. Wenyeviti wa mitaa walipeleke ombi hili kwa muhtasari wa mkutano mkuu, madiwani walitetee katika bajeti, na maofisa mipango miji waonyeshe eneo ambalo lingali wazi. Wafanye hivyo mwaka huu, kabla eneo hilo halijapata msingi wa nyumba nyingine.