Mshahara wa Sekunde: Ajira katika Mashirika ya Habari za Fedha

Anayenunua habari za fedha hulipa ili ajue kabla ya mwenzake. Ndiyo maana katika kazi hii ujira mzuri na adha za mwajiriwa vimetoka mahali pamoja tangu mwanzo. Mwaka 1850 Paul Julius Reuter alitumia njiwa kupeleka bei za hisa kati ya Brussels na Aachen, kwa kuwa nyaya za telegrafu zilikuwa bado hazijaunganisha miji hiyo. Mwaka uliofuata alihamia London, akafungua ofisi katika mtaa wa masoko ya fedha, wakati waya wa chini ya bahari kati ya Dover na Calais ukiwa karibu kuanza kazi.

Mjini New York, Charles Dow, Edward Jones na Charles Bergstresser walianzisha Dow Jones mwaka 1882 katika chumba kilichokuwa chini ya ardhi, Wall Street. Taarifa zilinakiliwa kwa mkono kwenye karatasi nyembamba, kisha matarishi, wengi wao wavulana, wakazikimbiza kwa madalali na mabenki mara kadhaa kwa siku. Gazeti lao, The Wall Street Journal, lilitoka mara ya kwanza Julai 1889. Kijana mwenye macho aliweza kujifunza humo jinsi fedha zinavyozunguka, tena bila kulipa karo.

Elimu hiyo ilikuja na kishawishi. Mwandishi wa safu ya masoko hujua leo kile kitakachopandisha au kushusha bei kesho. R. Foster Winans, aliyeandika safu mashuhuri ya The Wall Street Journal, alimvujishia dalali mmoja yatakayochapishwa. Mwaka 1984 kibarua chake kikaota nyasi, mwaka uliofuata akatiwa hatiani, na mwaka 1987 Mahakama Kuu ya Marekani ikaacha hukumu hiyo isimame. Mashirika ya namna hii huwabana wafanyakazi wao kuhusu hisa wanazoweza kumiliki: anayewaeleza wengine pa kuweka fedha hana uhuru kamili wa kuweka zake.

Utajiri wenyewe uliletwa na kompyuta. Mwaka 1973 Reuters, shirika lililoanzishwa na Reuter, ilianza kuyakodishia mabenki huduma ya Monitor, iliyoonyesha bei za fedha za kigeni kwenye skrini. Shirika ambalo kwa miongo mingi lilikuwa na kipato cha wastani likanona, na mwaka 1984 hisa zake zikaanza kuuzwa London na New York. Wanahabari wa vita na wa michezo nao walinufaika, kwani biashara ya skrini ndiyo iliyogharimia safari zao.

Michael Bloomberg alianzisha kampuni yake ya mitambo ya taarifa za masoko mwaka 1981, baada ya kuondolewa katika benki ya Salomon Brothers na kulipwa dola milioni 10. Mteja wake wa kwanza alikuwa Merrill Lynch. Idara ya habari ilifuata mwaka 1990 chini ya Matthew Winkler, aliyetoka The Wall Street Journal. Humo vitafunio vilikuwa vya bure, na wakati magazeti mengi yalipokuwa yakifunga ofisi zake za nje, kampuni hii ilikuwa ikiajiri. Lakini ofisi za faragha hazikuwapo, hata kwa mwenye kampuni, na kwa miaka mingi aliyeaga hakutarajiwa kurudi. Hali hiyo ya kila mtu kumwona mwenzake ilikuwa na upande mwingine: mwaka 2013 ilibainika kwamba waandishi waliweza kuona ni lini wateja wametumia mitambo ya kampuni. Benki ya Goldman Sachs ililalamika, na ruhusa hiyo ikaondolewa.

Usalama wa ajira, hata hivyo, haukupita hali ya masoko. Mabenki yalipobana matumizi baada ya hisa za intaneti kuporomoka, Reuters ilipata hasara, na mwaka 2003 ikatangaza kupunguza nafasi 3,000 za kazi. Mwaka uliofuata sehemu ya kazi ya kuripoti makampuni ya Marekani ilipelekwa Bangalore, India, ambako mishahara ilikuwa midogo. Kazi nyingine imechukuliwa na programu za kompyuta: Bloomberg hutumia mfumo unaosoma ripoti ya mapato ya kampuni mara inapotoka na kuandika habari papo hapo. Mwandishi ameachiwa kupiga simu na kueleza kwa nini takwimu zimekuwa hivyo.